Pumziko la Dominika katika Nchi ya Shaba



Amri ya tatu ya Mungu yatuagiza kuitakasa siku yake. Wengi wetu twaijua amri hiyo kwa moyo. Lakini tukiulizwa kwa nini twaacha jembe siku ya Dominika, twajibu tu kwamba Padri amekataza kazi. Jibu hilo halitoshi. Leo tutazame historia ya kazi katika nchi yetu ya Katanga, tupate kuelewa kwamba pumziko ni haki ya mtu aliyeumbwa huru, wala si zawadi ya bwana wake.

Kabla ya Wazungu kufika, wazee wetu walijua kuyeyusha shaba, hata wakaitwa Wakula-shaba. Walipokwisha kuvuna mtama, kiangazi kilipoanza, walikwenda vilimani kuchimba mawe ya rangi ya kijani. Walijenga matanuru kwa udongo wa vichuguu, wakachoma makaa, wakavukuta moto. Walitengeneza misalaba midogo ya shaba, iliyotumika kama fedha mpaka nchi za mbali. Mvua zilipokaribia, moto ulizimwa, watu wakarudi mashambani. Kazi ile ilikuwa ngumu, lakini ilikuwa na mpaka wake.

Mwaka 1906 kampuni ya Union Minière ilianzishwa. Mwaka 1910 reli kutoka kusini ilifika Elisabethville, mji ambao tangu 1966 waitwa Lubumbashi. Mwaka 1911 tanuru kubwa kando ya mto Lubumbashi lilitoa shaba yake ya kwanza. Tanuru hilo halikujua mvua wala kiangazi. Lililishwa mchana, lililishwa usiku, na watu walipokezana mbele yake. Vijana walikusanywa vijijini, wengine kwa nguvu, na katika miaka ile ya kwanza wengi walikufa kambini kwa magonjwa ya kifua na ya tumbo. Tena aliyemaliza mkataba wake akataka kurudi kwao, wakubwa wengi walimwita mvivu.

Neno hilo si jipya. Musa alipomwomba Farao awape watu ruhusa ya kwenda jangwani kumwabudu Mungu, Farao alijibu kwamba ni wavivu, akawanyima majani ya kufanyia matofali, bila kupunguza hesabu ya matofali yenyewe. Kwa sababu hiyo Mungu, alipokwisha kuwatoa Misri, aliwapa siku ya kupumzika, wao na watumishi wao na wageni wao, hata ng'ombe na punda, akawaambia wakumbuke utumwa wao. Mtumwa hana siku iliyo yake.

Kanisa limeitunza siku hiyo. Mwaka 321 Kaisari Konstantino aliamuru mahakama na karakana za miji zifungwe siku ya Dominika. Tarehe 15 Mei 1891 Baba Mtakatifu Leo XIII, katika barua yake juu ya wafanyakazi, alifundisha kwamba tajiri hana ruhusa ya kumnyima mfanyakazi siku ya Mungu. Alifundisha pia kwamba mshahara sharti utoshe kumlisha mtu mwenye kiasi. Mambo hayo mawili hayatengani, kwa maana ambaye mshahara wake hautoshi, hata siku ya pumziko atahangaika kutafuta chakula.

Katika mji wetu twayakumbuka yote mawili. Mwaka 1939 Mapadri wa Mtakatifu Benedikto walianzisha timu ya mpira ya wanafunzi, Saint-Georges, ambayo leo yaitwa Tout Puissant Mazembe, kwa maana vijana wahitaji mchezo baada ya masomo. Lakini mwezi wa Desemba 1941, wakati wa vita, wafanyakazi wa Union Minière waligoma wakidai mshahara wa kutosha. Na tarehe 9 askari waliwapiga risasi katika uwanja wa mpira. Makumi ya watu walikufa. Mahali palipofanywa kwa furaha ya watu pakawa mahali pa maombolezo. Tusiwasahau katika sala zetu.

Siku hizi sheria ya kazi ya Kongo, ya tarehe 16 Oktoba 2002, yaamuru pumziko la kila juma. Tena Kanisa lajua kwamba kazi nyingine haziwezi kuachwa: mgonjwa hutunzwa na moto wa tanuru hulindwa. Mwenye kazi kama hiyo apewe siku nyingine ya kupumzika. Lakini nani atampa siku mchimbaji anayebeba mfuko wake wa madini mgongoni? Na nani atampa siku mama wa nyumbani? Bwana arudi kutoka Misani, aketi kivulini. Mkewe ateke maji, atwange, apike, afue. Huyo bwana amepumzika, lakini hajaishika amri yote, kwa maana Mungu hakuwapa pumziko wenye nyumba peke yao. Tusiwe Farao nyumbani mwetu.

Kazi haikwishi, mtu ndiye akwishaye. Basi kusudi letu la juma hili ni hili: Jumamosi maji na kuni viletwe na wote, wanaume kwa wanawake, ili Dominika iwe siku ya wote.