Kiondo kati ya Bei na Ujira

Kiondo ni mfuko wa nyuzi unaosukwa kwa mkono, wenye kitako cha mviringo na mshipi wa kubebea. Jina hilo limeingia katika Kiswahili cha Kenya kutoka lugha za Wakikuyu na Wakamba, nalo limepokelewa katika ngeli ya KI-VI bila shida yoyote. Katika jamii hizo mbili kazi ya kusuka ilikuwa ya wanawake. Kiondo kilibebea mavuno na kuhifadhi nafaka, na binti alijifunza kukisuka kwa mamaye. Thamani yake ilipimwa kwa matumizi ya nyumbani kabla ya kupimwa kwa fedha.

Zamani nyuzi zilitolewa katika magome ya vichaka vya porini na ya mbuyu. Mkonge, ambao asili yake ni Meksiko, uliletwa katika Afrika Mashariki ya Kijerumani mwaka 1893 na Richard Hindorf, kisha ukaenea hata Kenya. Ulipopandwa mipakani mwa mashamba madogo, wanawake walipata nyuzi karibu na nyumba zao. Jani hukwanguliwa mpaka nyuzi zibaki peke yake. Nyuzi huanikwa, hutiwa rangi, na kusokotwa juu ya paja ziwe kamba nyembamba. Ndipo kusuka huanza, kutoka kitakoni kwenda juu. Kazi hiyo huchukua siku nyingi, maana hufanywa katikati ya kulima, kuteka maji na kulea watoto. Saa zilizotawanyika namna hiyo hazihesabiwi na mtu yeyote, na hapo ndipo shida ya malipo ilipoanzia.

Katika miaka ya 1970 na 1980 viondo vilipata wanunuzi wengi Ulaya na Marekani. Kati ya msusi na mnunuzi wa ng'ambo waliingia mchuuzi wa soko la kijijini, karakana ya mjini iliyotia mikanda ya ngozi na bitana, na mfanyabiashara aliyesafirisha mizigo. Kila mmoja alikuwa na gharama zake, lakini nguvu zao hazikulingana. Mwanamke aliyehitaji karo ya mtoto siku ileile ya soko hakuweza kungojea bei njema. Halafu viwanda vya Taiwan na Korea ya Kusini vilianza kutoa viondo vya kuiga vilivyofumwa kwa mashine, na biashara ya Kenya ikadhoofika. Hasara iliwaelemea zaidi wale waliokuwa na akiba ndogo kuliko wote.

Kinga ya kwanza ilitokana na mila yenyewe. Wakamba walikuwa na mwethya, yaani kundi la majirani wanaosaidiana kazi. Utawala wa kikoloni uliutumia mwethya kuchimba matuta ya kuzuia mmomonyoko huko Machakos katika miaka ya 1950. Baada ya uhuru vikundi vya wanawake viliongezeka, na Muongo wa Wanawake wa Umoja wa Mataifa (1976–1985), uliofungwa kwa mkutano wa Nairobi mwezi Julai 1985, ulivipa sauti zaidi. Wasusi walioungana waliweza kukusanya bidhaa pamoja, kukubaliana bei na kuweka akiba.

Kinga ya pili ilitoka kwa wanunuzi. Mwaka 1946 Edna Ruth Byler alianza kuuza nchini Marekani vitambaa vilivyotariziwa na wanawake wa Puerto Rico. Mwaka 1969 duka la bidhaa za namna hiyo lilifunguliwa Breukelen, Uholanzi. Na mwaka 1989 likaundwa shirikisho la kimataifa ambalo leo huitwa WFTO. Kanuni zake zinadai kwamba bei ipatane kwa mazungumzo, na kwamba anayeagiza kazi za mikono atoe, akiombwa, angalau asilimia 50 ya malipo mapema bila riba. Kanuni hiyo inagusa udhaifu wa msusi moja kwa moja, yaani haja ya fedha kabla kazi haijauzwa. Hata hivyo haimlazimishi mnunuzi kuendelea kuagiza mwaka ujao.

Sheria nayo imesaidia kwa sehemu. Mkataba namba 177 wa Shirika la Kazi Duniani, wa mwaka 1996, unamtambua anayefanya kazi nyumbani kwa malipo, akifuata maagizo ya mwajiri. Msusi anayetimiza oda ya msafirishaji anaweza kuingia katika maelezo hayo. Yule anayejisukia na kuuza sokoni anabaki nje. Mwaka 2016 Kenya ilipitisha sheria ya kulinda maarifa ya jadi na sanaa za jamii. Sheria hiyo inahusu haki ya jamii juu ya urithi wake, wala haipangi malipo ya mikono inayousuka.

Kiswahili chenyewe kinaonyesha kiini cha jambo hili. Ujira hulipwa kwa kazi, bali bei hulipwa kwa kitu. Tangu kiondo kilipoingia sokoni, msusi amepokea bei, na muda wake umefichwa ndani ya bei hiyo. Mazungumzo ya haki hayana budi kuanza kwa kuhesabu siku za kukwangua, kusokota na kusuka, ili bei ya kiondo isipungue ujira wa siku hizo.