Farfel, Tambi za Punje za Ijumaa Jioni

Unga, mayai na chumvi, basi. Kwa vitu hivyo vitatu, akina mama wa Kiyahudi wa Ulaya ya Mashariki walitengeneza farfel, tambi zisizo ndefu bali za punje ndogo kama shayiri.

Donge lilikandwa likawa gumu kuliko la chapati, likaachwa likauke kidogo, kisha likakwaruzwa kama karoti au kukatwakatwa kwa kisu. Punje zilianikwa juu ya kitambaa, na wengine walizikaanga kavu hadi zikawa na rangi ya hudhurungi. Kazi yote hiyo ilipaswa kumalizika kabla ya jua la Ijumaa kuzama, maana Sabato ikishaingia, kukwaruza na kupika ni mwiko. Jioni zililiwa kwenye supu ya kuku, au pamoja na vitunguu vilivyokaangwa kwa mafuta ya kuku.

Jina nalo lina utamu wake. Katika Kiyidi, lugha ya Wayahudi hao, linakaribiana kimatamshi na neno lenye maana ya jambo lililokwisha kupita. Mapokeo ya Wahasidi, kundi la kidini la Kiyahudi, yanasimulia kuwa Baal Shem Tov, mwanzilishi wao aliyefariki 1760, alikula farfel kila Ijumaa usiku: ya wiki yamepita, tuanze upya.

Miaka ya 1950, mchele ulipoadimika Israeli, waziri mkuu David Ben-Gurion aliiomba kampuni ya Osem itengeneze mbadala wake kwa kutumia ngano. Zikazaliwa ptitim, ndugu wa farfel wa kiwandani, na hadi leo watoto wa Israeli wanazila.