Minyaa ya Gusii: Ua Ulioandika Mipaka

Ukishuka kutoka mji wa Kisii, Kenya, katika nchi ya Wagusii, kuelekea upande wa Homa Bay, kwenye nyua za kale utakutana na vijiti vya kijani, vinene kama penseli, vinavyoonekana havina majani. Huo ni mnyaa, ambao Watanzania wengi huuita minyara. Mwanabotania Linnaeus aliupa jina la Euphorbia tirucalli mwaka 1753, akiliazima neno la Kimalayalam kutoka Malabar, India, ingawa mmea wenyewe asili yake ni Afrika. Katika ukoo wake wamo muhogo, mbarika, na hata mti wa omosocho wanaoufahamu vyema Wagusii.

Majani yapo, ila ni madogo mno na hupukutika mapema; shina lenyewe ndilo linalotumia jua kujitengenezea chakula. Ua lake, hilo la kuchanua, huonekana kama kitone cha manjano kwenye ncha ya tawi. Tunachodhani ni ua moja ni kikombe kidogo kilichokusanya maua kadhaa, na kila ua la kiume limepunguzwa hata likabaki stameni moja tu.

Lakini kilichoupa mnyaa nafasi katika historia ni utomvu. Ukivunja tawi, maziwa meupe hutoka papo hapo. Hubabua ngozi, na yakiingia jichoni yanaweza kupofusha. Ng'ombe na mbuzi huuepuka. Tena ni rahisi kuupanda: unakata tawi, unaliacha jeraha likauke siku chache, unalichomeka ardhini. Kwa hiyo ua mrefu waweza kuwa mmea mmoja tu, uliogawanywa kutoka mkono hadi mkono, jirani akimwomba jirani.

Zamani Wagusii walikuwa na ebisarate, kambi za ng'ombe zilizolindwa na vijana kwenye malisho ya pamoja. Waingereza walizivunja kabla ya Vita Kuu vya Kwanza. Malisho yaligeuka mashamba, na watu wakaongezeka. Hapo mpaka ukawa jambo la kuugombania.

Ndipo sheria ikauhitaji ua. Chini ya Sheria ya Ardhi Iliyosajiliwa ya 1963, ramani za vijijini Kenya hazikuchorwa kwa vipimo kamili vya kila pembe. Wapimaji walitumia picha zilizopigwa kutoka angani, na wenye mashamba walitakiwa wapande ua mpakani, ukue mpaka uonekane kutoka kwenye ndege. Naona hili ni jambo la ajabu na la kuheshimiwa: kabla ya mpaka kuingia kwenye karatasi, ulikuwa umeshaoteshwa na mkulima kwa mikono yake.

Mnyaa haukuwa peke yake. Ilitumika mimea mingine pia, kila mahali kwa udongo wake na mwinuko wake. Leo, Kisii na hata Nyamira, mashamba yamekatwakatwa kwa urithi, na ua mpana unakula ardhi ambayo ingeoteshwa mahindi au majani ya ng'ombe. Nyaya zinachukua nafasi yake. Hata hivyo Sheria ya Usajili wa Ardhi ya 2012 ingali inahesabu kuharibu alama ya mpaka kuwa kosa, na wazee wanapoitwa kuamua ugomvi wa shamba, huweza kuanza kwa kutafuta visiki vya ua wa zamani.