Jumla ya sadaka isipotee: kulinda fomula katika Excel

Mtunza hazina anaingiza mstari mpya juu kabisa ya orodha ya sadaka, na jumla haibadiliki. Hakuna aliyeiba. Fomula =SOMME(B2:B53) imejigeuza kuwa =SOMME(B3:B54), na mstari mpya umebaki nje. Akifuta safu nzima ya B, jumla inaandika #REF!. Alama ya $ haisaidii hapa. Kazi yake ni kuzuia anwani isibadilike fomula inaponakiliwa.

Dawa ni INDIRECT. Hiyo inashika anwani kama maandishi, kwa hiyo mistari ikisogea yenyewe haisogei. Weka jumla kwenye ukurasa mwingine, uandike:

=SOMME(INDIRECT("Sadaka!B2:B500"))

"Sadaka" ni jina la ukurasa wenye orodha. Visanduku vitupu havibadilishi jumla. Lakini angalia: safu zikisogea, itajumlisha chochote kilichoingia B, na ukibadilisha jina la ukurasa, itapotea.

Kisha funga ukurasa wa jumla: Révision, halafu Protéger la feuille.

Mwishoni, linganisha na daftari la mkono kabla ya kusoma hesabu mbele ya kanisa. Mtumishi mwaminifu asishukiwe kwa sababu ya mstari mmoja.