Mashine Kongwe na Fundi wa Gerezani

Mashine ya kukatia majani ilibuniwa Uingereza na Edwin Budding, aliyepata hataza mwaka 1830; mwaka 1902 kampuni ya Ransomes ikaanza kuuza ya petroli. Katika Dar es Salaam ya ukoloni, majani mafupi yalikuwa pambo la Uzunguni, na kipuri kilitoka ng'ambo.

Vita vya Uganda vya 1978 na 1979 vilipofuatwa na uhaba wa fedha za kigeni, njia hiyo ilizibika. Hapo mashine za kila namna zilimtegemea fundi wa Gerezani, jirani na Kariakoo. Biashara ilipolegezwa kuanzia 1984, vipuri vipya vilirudi madukani. Lakini mashine kongwe, ambayo kiwanda chake kimekoma kuihudumia, haina haki dukani. Fundi hupima pete ya pistoni iliyolika, akatafuta ya pikipiki yenye kipenyo kilekile. Ekseli huikereza, na kisu hukifua kwa springi ya gari.

Vipimo hivyo aghalabu havikuandikwa. Mwanafunzi huvipokea kwa macho na mikono. Fundi asiye na mwanafunzi hufa navyo, na historia inayohesabu viwanda pekee haitajua kilichopotea.