Siku ya pudre: shule na kurudi nyumbani katika Masisi na Walikale

Katika vijitabu vya mila yetu tumezoea kuandika juu ya mahari, mazishi, ngoma na kutawazwa kwa mwami. Shule tunaiweka kando, kama vile ni kitu cha wazungu kisichokuwa na mila. Sisi tunaona vingine. Kwa miaka zaidi ya hamsini shule ya sekondari imezaa desturi zake katika milima ya Masisi na katika pori la Walikale, na iliyo kubwa kati ya hizo ni ile ya kumpokea mwanafunzi anaporudi. Hii si desturi ya wasomi peke yao. Ni ya kijiji kizima. Tunataka kueleza hapa ilitoka wapi, ilifanywa namna gani, na vita imeifanya nini.

Mbele ya shule

Kumtuma mtoto mbali akafunzwe, halafu kumpokea kwa shangwe, ni jambo ambalo wazee walilijua mbele ya mzungu kufika. Kwa Wanyanga, vijana wa mukumo, yaani jando, walitengwa porini. Huko walitahiriwa na kufunzwa mambo ya wanaume, na siku ya kutoka ilikuwa sikukuu. Aliyeingia akiwa mtoto alirudi akiwa mtu wa kuhesabiwa.

Hadithi ya Mwindo nayo ni hadithi ya kurudi. Masimulizi hayo Daniel Biebuyck aliyapata mwaka 1956 kutoka kwa fundi wa kusimulia, Candi Rureke, na mwaka 1969 yalichapwa kitabu pamoja na mtaalamu wetu wa lugha, Kahombo Mateene. Mwindo anakataliwa na baba yake Shemwindo, anakwenda mpaka kwa shangazi yake Iyangura, kisha anarudi Tubondo. Anarudi na nguvu kuliko zile alizoondoka nazo, lakini mwisho hamwui baba yake; wanapatana na kugawana utawala. Wazee walitaka tusikie hilo: anayerudi na nguvu arudi kujenga.

Sanduku kichwani

Shule za kwanza kwetu zilikuwa za misioni, Wakatoliki upande mmoja na Waprotestanti upande mwingine, na kwa watoto wengi masomo yaliishia kwenye primeri. Aliyetaka kuendelea aliondoka. Wa Masisi walishuka Goma au wakavuka mpaka Bukavu. Wa Walikale walipita Hombo kwenda Bukavu, ao walielekea Kisangani. Njia ilikuwa ya miguu na ya lori, sanduku la chuma kichwani, na ndani yake shuka, sabuni na unga wa mihogo.

Kwa hiyo mwaka wa shule ulihesabiwa kwa marudio: Noeli, Pasaka, na vakansi kubwa ya mwezi wa saba na wa nane. Siku mwanafunzi alipotokea kilimani, watoto walimkimbilia wakampokea sanduku, mama akatafuta kuku, baba akaomba aone bulteni. Jioni majirani walikuja kusikiliza habari za mji. Aliyerudi aliwasomea wengine barua zao na kuwaandikia majibu, na hakulipwa kitu. Hayo yalihesabiwa ni deni lake kwa kijiji.

Shule za sekondari zilipoongezeka kwetu kwenyewe, desturi haikufa, ilibadilika sura. Ilikuwa enzi ya Zaire. Mwaka 1971 nchi ilibadili jina, na kukaja siasa ya kurudia asili yetu: shule nyingi zenye majina ya watakatifu zilipata majina ya kwetu. Kule Bukavu, Koleji Notre-Dame de la Victoire iliitwa Alfajiri. Mwaka 1974 serikali ilizichukua shule za makanisa, na mwaka 1977 ikatia saini mkataba wa kuyarudishia makanisa usimamizi wake. Ndipo tunasema mpaka leo shule za konvansio.

Mambo ya kila asubuhi nayo yaliingia katika damu yetu: kengele, mistari mbele ya bendera, wimbo wa taifa, mwalimu kupita akiangalia kucha na kola, shati nyeupe na suruali ao sketi ya bluu. Wimbo wenyewe ulibadilika mwaka 1971 na ukarudi ule wa kwanza mwaka 1997, lakini mistari ilibaki ileile. Katika mstari mtoto wa Muhunde alisimama karibu na wa Muhutu, wa Mututsi, wa Mutembo. Kule Walikale, wa Munyanga karibu na wa Mukano na wa Mukumu. Waligombana kwa mpira na kwa kalamu, kama watoto wote. Lakini siku ya kucheza na shule ingine, wote waliimba jina moja, jina la shule yao.

Proklamasio na vakansi

Sikukuu za shule zilikuwa na mpango wake. Tarehe 30 Aprili ni siku ya elimu: difile, mchezo wa kuigiza, ngoma za kila kabila, na mechi ya walimu na wanafunzi ambamo prefe mwenyewe alivaa kaptula, na watu wakacheka mpaka machozi. Mwisho wa mwaka, kwa kawaida tarehe 2 Julai, ilifika proklamasio. Wazazi walikaa, wengine wametembea tangu usiku. Prefe alisoma majina kufuata pointi, tangu wa kwanza. Aliyeitwa mapema alipigiwa makofi na vigelegele. Ambaye jina lake lilichelewa, jasho lilimtoka. Aliyetakiwa kurudilia mwaka alipita njia ya nyuma. Ilikuwa kali, tunakubali. Lakini ilikuwa wazi: kilima chote kilisikia kazi ya mtoto, na hakuna aliyeweza kusema matokeo yalinunuliwa gizani.

Halafu wanavakansi walifika kutoka miji. Waliunda timu yao ikacheza na timu ya waliobaki kijijini, wakaandaa tiatre shuleni, wakawafundisha wadogo wanaongoja darasa jipya. Marekani pia wana wiki kama hiyo. Waliomaliza shule ao chuo wanarudi, kunapigwa mpira na difile, na Chuo Kikuu cha Missouri kinahesabu desturi hiyo kwake tangu 1911. Tofauti ni hii: kule mtu anarudi kwenye shule yake. Kwetu shule ndiyo inamrudisha mtu kwa watu wake.

Pudre

Kilele cha yote ni Mtihani wa Serikali, ambao watu wanauita Egzeta. Ulianza mwaka 1967, na tangu hapo diploma haitolewi na shule yenyewe. Mwanafunzi wa Masisi-Centre na yule wa Kinshasa wanajibu mtihani wa taifa moja. Zamani matokeo yalisikilizwa kwa redio, familia nzima wamekazana kwenye kisanduku kimoja, mtu akikohoa anafukuzwa. Simu za mkononi zilipoenea, yalianza kuingia kwa mesaje. Namna ya kungojea ilibadilika. Namna ya kushangilia haikubadilika.

Jina likisikika, kelele inapanda: «Mutoto yetu amepata!» Pudre ya watoto wachanga inamwagwa kichwani, usoni, kwenye nguo, mpaka aliyepata anakuwa mweupe wote. Anazungushwa barabarani na matawi ya miti. Mama zake wadogo wanacheza mbele, na yeyote anayekutana nao njiani anaongeza pudre. Wengine wanaiona ni mchezo wa mjini. Sisi inatukumbusha udongo mweupe ambao katika sehemu nyingi za Kongo wazee walimpaka mtu aliyevuka hatua: mzazi, mtahiriwa, mtawala mpya. Pudre imenunuliwa dukani, lakini mkono unaoipaka ni wa zamani.

Na mkono huo haukuuliza kabila. Katika vilima vingi aliyepata diploma alikuwa mtoto wa wote. Tunalisisitiza hilo kwa sababu ndilo lililovunjika.

Kilichovunjika

Tarehe 20 Machi 1993, kwenye soko la Ntoto katika Walikale, watu waliuawa, na moto ukaenea mpaka Masisi. Miaka hiyo wazazi walikuwa wameanza kulipa walimu mifukoni mwao, maana serikali haikulipa tena. Baada ya mauaji kila mmoja alimpeleka mtoto wake mahali penye watu wake. Mistari ya asubuhi iliendelea, lakini mara nyingi katika mstari watoto walikuwa wa upande mmoja. Vita ya 1996 na zilizofuata ziliongeza: madarasa yakalaza wakimbizi ao askari, na viti vikawa kuni.

Halafu likaja jiwe. Tangu miaka ya 2000 kasiterite ya Bisie iliwavuta vijana wa Walikale, na koltani ya Rubaya ikawavuta wa Masisi. Ndege zilitua juu ya barabara kule Kilambo kuchukua mizigo. Kijana aliyeona kilo zinalipa upesi kuliko bulteni aliacha kalamu, na walimu wengine walimfuata. Mwezi wa tisa 2010 serikali ilifunga uchimbaji wa mikono kwa miezi kadhaa. Si wote waliorudi darasani.

Januari 2025 M23 waliingia Masisi-Centre, na mwezi uleule Goma. Machi walifika Walikale-Centre, wakaondoka mwanzoni mwa Aprili. Mbele ya hapo tayari watoto wengi wa Masisi walikuwa katika kambi pembeni ya Goma, na kuna waliofanya Egzeta yao huko, mbali na kilima chao. Walipakwa pudre na watu wasiowajua. Furaha ilikuwepo, lakini hapakuwa na kijiji cha kurudia, na mwenzao wa kiti kimoja alikuwa ameangukia upande mwingine wa mstari wa vita.

Tufanye nini

Desturi hii haihitaji pesa nyingi kuliko umoja. Tunapendekeza mambo matatu kwa shule na mutuali zetu. Kwanza, kila shule iandike upya orodha ya waliopata diploma, mwaka kwa mwaka, maana registre nyingi zimepotea ao kuungua. Wazee na walimu wa zamani waulizwe wakingali hai, na majina ya makabila yote yaandikwe, hata ya wale waliokimbia. Pili, tarehe 2 Julai, pale amani inaporuhusu, iwe pia siku ya waliosoma zamani kurudi, kila mmoja na manjanja moja ao kitabu kimoja mkononi. Tatu, mtoto akipata kambini, jina lake lisomwe pia kilimani kwake, hata kama hayupo.

Mwindo alirudi Tubondo akapatana. Watoto wetu nao wanastahili kupata mahali pa kurudi, na watu wa kuwangojea na pudre mkononi, bila kuwauliza ni wa nani.