Uvujaji wa umeme wa betri katika gari lililoegeshwa

Uvujaji wa umeme ni hali ya betri ya gari kuendelea kutoa mkondo kupita kiasi baada ya injini kuzimwa na milango kufungwa. Mwenye gari huigundua anaporudi safarini: anazungusha ufunguo, starta inagonga mara moja na taa za dashibodi zinafifia. Jirani anakuja kubusti, fundi anasema betri imekufa, inanunuliwa nyingine. Wiki mbili baadaye na hiyo mpya imelala, kwa sababu kilichoinyonya ile ya kwanza hakikuwahi kutafutwa.

Gari la kisasa halizimiki kabisa. Saa, kumbukumbu ya redio, alamu, kipokezi cha rimoti na kompyuta ya injini vinahitaji umeme kidogo usiku na mchana, na kwa magari mengi miliampea 20 hadi 50 huhesabiwa kuwa kawaida. Miliampea 50 kwa siku nzima ni ampea-saa 1.2. Kwa hiyo betri ya ampea-saa 45, ya kiasi kinachofungwa kwenye magari mengi madogo ya Japani, hupoteza nusu ya chaji yake kwa takriban siku 19 bila gari kuwa na kasoro yoyote. Mkondo ukifika miliampea 500, nusu hiyo huisha kabla ya siku mbili kutimia. Balbu moja ya wati 5 kwenye buti ambayo swichi yake imekwama huvuta karibu miliampea 400, na kwa kuwa buti limefungwa, hakuna anayeiona ikiwaka.

Kabla ya kulisaka gari, betri yenyewe ihukumiwe kwanza. Betri ya risasi na asidi, ambayo mzizi wake ni kazi ya Mfaransa Gaston Planté mwaka 1859, hupoteza chaji hata ikiwa imewekwa rafuni, na joto likipanda kwa nyuzi 10 za Selsiasi kasi hiyo hukaribia kuongezeka maradufu. Ndiyo maana gari lililoachwa juani Mombasa au Dar es Salaam huishiwa chaji mapema kuliko lililoegeshwa kwenye baridi ya Njombe. Betri ichajiwe ijae, waya wa hasi ufunguliwe, kisha iachwe usiku kucha. Asubuhi betri nzima husoma karibu volti 12.6. Volti 12.2 ni kama nusu ya chaji, na 12.0 ni robo tu. Ikisoma karibu 10.5 licha ya kuchajiwa vizuri, kuna uwezekano mkubwa kwamba seli moja kati ya sita imekufa, na hapo kununua mpya ni halali.

Betri ikifaulu, multimita inaingia kazini. Huwekwa kwenye tundu la ampea 10 na kuunganishwa kati ya teminali ya hasi na waya uliofunguliwa, ili umeme wote wa gari upitie ndani yake. Mita ikiwa hapo, gari lisiwashwe kamwe, wala taa kubwa, kwani fyuzi ya mita itakatika. Hapa ndipo mafundi wengi wenye haraka hupotea. Ukifungua mlango au kubonyeza rimoti, kompyuta za gari huamka na mita huonyesha ampea kadhaa. Zinahitaji muda kulala tena, dakika chache kwa gari la zamani, nusu saa au zaidi kwa la kisasa. Anayesoma mita mapema hukuta tatizo lisilokuwepo. Boneti ikiwa wazi, komeo lake lisukumwe kwa bisibisi ili gari lidhani limefungwa, na ufunguo wa kisasa uwekwe mbali.

Kuna mtego mwingine. Kufungua waya wa betri huweza kuizindua upya kompyuta iliyokwama au kuachia rilei iliyoganda, na kosa likatoweka mbele ya fundi ili lirudi wiki ijayo. Mita ya kukumbatia waya inayopima mkondo wa moja kwa moja huondoa shida hiyo, kwa sababu haihitaji kufungua chochote.

Mkondo ukizidi kiasi, fyuzi huchomolewa moja baada ya nyingine hadi namba kwenye mita ishuke ghafla. Fyuzi iliyoishusha huonyesha njia ya mwizi, na kazi inayobaki ni kufuata vifaa vilivyo kwenye njia hiyo. Zote zikitoka na mkondo ukabaki, washukiwa ni vitu vyenye waya mnene wa moja kwa moja, hasa alteneta yenye dayodi mbovu. Kwa magari ya Afrika Mashariki inafaa kuanza na vilivyoongezwa baadaye: redio kubwa, alamu, kamera, kifaa cha kufuatilia gari. Vingi hufungwa kwa kuchukua umeme pale ulipo karibu, na redio iliyounganishwa bila kupitia swichi ya ufunguo hailali.

Hata kiwandani makosa hutokea. Nchini Marekani wamiliki wa Subaru, zikiwemo baadhi ya Outback na Forester za 2015 hadi 2020, waliishitaki kampuni wakidai magari yao hunyonya betri yakiwa yameegeshwa. Kesi hiyo, iliyosikilizwa na mahakama ya shirikisho ya New Jersey, iliishia kwa maridhiano.

Gari litakalokaa zaidi ya wiki tatu lifunguliwe waya wa hasi, au liunganishwe na chaja ndogo inayojidhibiti. Desturi ya kumwachia mlinzi ufunguo aliwashe dakika tano kila asubuhi haisaidii sana: starta huchukua umeme mwingi kwa mkupuo, na injini ikinguruma taratibu kwa muda huo huenda isiurudishe. Mbaya zaidi ni mazoea ya kuchomoa teminali injini ikiwa inawaka ili kupima alteneta, kwani volti huweza kuruka na kuunguza kompyuta. Alteneta hupimwa kwa mita kwenye teminali za betri, na nzima husoma takriban volti 13.5 hadi 14.7.